Bafu dogo, bajeti ndogo: kipi ununue kwanza ukitaka mandhari mpya

Wengi wanaopamba bafu huanza na vidude: kisahani cha sabuni chenye umbo la kombe, kijipicha cha pomboo, chupa tatu za urembo juu ya tangi la choo. Vikishapangwa, bafu ni lile lile la jana, ila sasa limejaa. Chumba cha mita mbili kwa moja na nusu hakiwezi kubeba vitu vingi. Mandhari yake hutoka kwenye rangi, na rangi hukaa kwenye vitu vikubwa. Ndiyo maana nimevipanga kwa kigezo kimoja tu: kipi kinageuza sehemu kubwa zaidi ya kile unachokiona ukifungua mlango, kwa pesa kidogo.

Kabla ya kununua chochote, kagua ukungu. Kama silikoni ya kandokando (ule utepe laini unaoziba maungio) imekuwa nyeusi, ikate yote, kausha pale mahali, weka mpya ya kuzuia kuvu na usipapige maji kwa saa 24. Ukiiruka hatua hii, yote yanayofuata yatachakaa mapema.

Namba moja ni pazia la bafu. Lile la kawaida lina takriban sentimita 180 kwa 180, yaani zaidi ya mita tatu za mraba za rangi mpya, na unalitundika kwa dakika chache. Mpangaji akihama, anahama nalo. Chagua la kitambaa cha poliesta: linafuliwa na kukauka upesi. La plastiki ni rahisi zaidi, lakini likiwa jipya hunuka na ukioga hukung'ang'ania mwilini. Angalia pindo la chini lina vizito, na vitundu vya juu vimezungushiwa pete za chuma. Na ukitaka mandhari ya bahari, tafadhali usinunue pazia lenye picha ya ufuo. Chukua la buluu iliyokolea, au la mistari ya buluu na nyeupe. Picha utaichoka baada ya wiki chache, buluu hutaichoka.

Namba mbili, rangi ya ukutani. Kwa aliye na nyumba yake, ningeiweka ya kwanza. Lita moja hufunika takriban mita 10 za mraba ukipaka mara moja, na kama vigae vimefika nusu ya ukuta, eneo lililobaki ni dogo. Nunua yenye mng'ao kiasi, inayostahimili kufutwa kwa kitambaa chenye maji. Isiyong'aa kabisa hushika madoa ya mvuke. Msiogope rangi nzito. Kijani cha msituni kikipakwa hadi darini hufanya kona zisionekane, na chumba hakionekani kubanwa kama mnavyodhani.

Tatu, balbu. Ni kitu kidogo, lakini kinaweza kuharibu kazi yote. Soma namba ya Kelvin, kipimo cha rangi ya mwanga, kwenye boksi: 2700 hadi 3000 ni mwanga wa joto unaopendeza kijani, mbao na udongo, 4000 unafaa nyeupe na buluu. 6500 hufanya bafu lifanane na wodi. Taa iliyo karibu na maji iwe na alama ya IP44 au zaidi, yaani inastahimili maji yanayorukia. Pesa ikibaki, ongeza kioo kikubwa kuliko ulichonacho, ukitundike mkabala na dirisha.

Taulo na kizulia cha kukanyagia vinafuata. Taulo za pamba za gramu 400 kwa mita ya mraba zinatosha. Zile nene za 600 ni nzuri kwa mkono, lakini bafu lisilo na dirisha halizikaushi. Kizulia kiwe na mpira chini, kisiteleze.

Stika za vigae nimeziweka mwisho kwa sababu nilizibandika kwenye ukuta wa bomba la mvua na kingo zikaanza kuinuka, maji yakakaa nyuma yake. Zibandike nyuma ya sinki tu, baada ya kusugua mafuta yote.

Kama pesa inatosha vitu viwili pekee, nunua pazia na taulo za rangi moja. Chenji ikibaki, weka rafu juu ya mlango, taulo za akiba zikae huko.