Umealikwa kwenda kuteleza kwenye theluji: nini ununue, nini ukodi, nini uazime

Mwaliko kwa kawaida huja Januari. Shemeji, mfanyakazi mwenzako au mwenye nyumba anakuambia, "Jumamosi tunakwenda milimani, twende wote." Wewe uliyekulia Tanga, ambaye baridi kali uliyoijua ni ya Lushoto mwezi wa saba, unaitikia kwa furaha, kisha usiku unakaa na simu kutafuta bei. Hasara huanzia hapo. Mimi msimu wangu wa kwanza hapa Munich nilinunua jaketi la yuro 280, nikalivaa juu ya jinzi, na glavu za kufuma na soksi mbili mbili. Saa tano asubuhi nilikuwa mgahawani nimekumbatia kikombe, vidole havina habari na mimi. Kwenye picha jaketi lilipendeza sana.

Kabla hujatoa hata senti, waulize wenyeji wako: ni skii (vile vibao virefu vya kufunga miguuni) za kuteremka au za nyikani? Ni michezo miwili, na vifaa vyake haviazimani. Philip Boit, Mkenya wa kwanza kwenye Olimpiki ya majira ya baridi, huko Nagano mwaka 1998, alikuwa wa nyikani: skii nyembamba, viatu laini, kisigino huru kuinuka, mlima unaupanda kwa mapafu yako mwenyewe. Alifika wa mwisho kwenye kilomita 10, na bingwa Bjørn Dæhlie akamsubiri mstarini amkumbatie. Sabrina Simader, mzaliwa wa Kenya aliyelelewa Austria, aliibeba bendera hiyohiyo Pyeongchang mwaka 2018 kwenye skii za kuteremka: unapandishwa kwa lifti ya viti vinavyoning'inia kwenye waya, unashuka kwa mvutano wa dunia, mguu umefungwa ndani ya plastiki. Wa nyikani hutoka jasho na jaketi nene humsumbua. Wa kuteremka hukaa kwenye lifti, husubiri wenzake, huanguka, hukaa tena. Wengi wanaoalikwa wanaalikwa kuteremka, kwa hiyo naandika kwa ajili yao.

Kanuni ninayowapa wote wanaonipigia simu ni hii: kinachogusa ngozi nunua, kinachogusa theluji kodi, kilicho katikati azima. Nimevipanga kwa uzito wa kuiharibu au kuiokoa siku yako. Bei haikuamua mpangilio.

1. Buti: kodi, lakini usikubali haraka

Mgeni hudhani mchezo huu ni wa skii. Ni wa buti. Buti la kuteremkia ni gamba gumu la plastiki lenye kiatu laini ndani yake, na lolote unalotaka skii ifanye unaiambia kwa ugoko unaokandamiza ulimi wa buti. Buti likipwaya, mguu unaogelea na skii haisikii chochote. Ndiyo maana kosa la wageni ni kuchukua buti kubwa. Nililifanya mwenyewe. Nililalamika kwamba vidole vinagusa mbele. Yule kijana wa duka la kukodi, foleni imemfikia mlangoni, akanipa saizi mbili juu. Nikashukuru kabisa. Kwa kuwa mguu ulikuwa ukiteleza ndani na kugonga mbele kila nilipogeuka, jioni kucha za vidole gumba zilikuwa na rangi ya bilinganya.

Saizi huhesabiwa kwa sentimita za urefu wa mguu: ukipima 26.5, saizi yako ni 26.5, sahau namba ya viatu vyako vya mjini. Vaa soksi moja tu. Ingiza mguu, gonga kisigino sakafuni ukae nyuma, kisha funga bizimu. Ukisimama wima, vidole viguse mbele kidogo; ukikunja magoti na kuegemea mbele, viachie. Kisigino kisiinuke. Buti sahihi hubana pande zote kama mtu anayekusalimia kwa mikono miwili, bila kuchoma sehemu moja. Likichoma mahali pamoja, omba jingine. Wengi wetu tuliokua na ndala tuna nyayo pana, basi uliza buti lenye upana wa milimita 102 hadi 104 badala ya kukimbilia saizi ndefu.

Kuna namba nyingine, ya ugumu. Kwa anayeanza, mwanamke achukue kati ya 60 na 80, mwanamume kati ya 70 na 90. Mtu akikupa 120 kwa kuwa una mwili mkubwa, mrudishie. Kaa nalo miguuni dakika 15 hapohapo dukani. Mimi siku hizi nakodi jioni ya kuamkia safari, watu wakiwa wachache, na muuzaji ana muda wa kunisikiliza.

Buti la mtumba la miaka kumi, hata likiuzwa kwa bei ya chapati, liache. Plastiki huzeeka kimyakimya, siku moja hupasuka juu mlimani.

2. Glavu: nunua, tena nzuri

Hapa ndipo ningeweka yuro yangu ya kwanza. Anayejifunza huanguka, na kila akianguka hutua kwa mikono, kisha hushika theluji ili ainuke. Glavu za sufu hulowa ndani ya nusu saa. Tafuta zisizopitisha maji, zenye mkono mrefu wa kufunika kifundo na kamba ya kuzining'iniza usizidondoshe kutoka kwenye lifti. Zile za kidole gumba peke yake na vinne pamoja zina joto zaidi ya za vidole vitano, kwa sababu vidole hupashana. Kwa wenye mikono ya baridi hakuna mjadala, hizo ndizo zao. Kati ya yuro 30 na 60 unapata za kutosha. Pete iache nyumbani.

3. Helmeti na miwani: helmeti kodi, miwani nunua

Huku Ulaya helmeti ya skii huwa na alama ya EN 1077, yaani kiwango cha usalama cha helmeti hizo. Ya baiskeli haitumiki badala yake. Italia imeifanya lazima kwa watu wa umri wote kuanzia Novemba 2025, na tangu mwaka 2022 anayeteremka huko lazima awe pia na bima ya madhara anayoweza kumsababishia mwingine. Hata pale isipolazimishwa, vaa.

Sasa jambo ambalo miongozo ya Wazungu hailigusi: nywele. Helmeti inakalia kichwa, haikalii rasta. Ukiwa na fundo utosini haitashuka, itakaa juu kama kifuniko cha sufuria na haitakulinda. Kama unasuka kwa ajili ya safari, suka mistari inayolala kichwani, ncha zishuke shingoni. Mwenye rasta ndefu azifunge chini kabisa, usawa wa kola. Mwenye afro azigawe misokoto miwili mikubwa ya nyuma. Chini yake valia kofia nyembamba ya satini, kwani kitambaa cha ndani ya helmeti hukwangua nywele kuanzia asubuhi hadi jioni. Dada wa hijabu avae ile ya michezo, nyembamba, isiyo na pini wala mkunjo kwenye paji, au kininja cha sufu kinachofunika kichwa na shingo. Kisha nenda dukani ukiwa na nywele zilezile utakazopanda nazo, geuza gurudumu la nyuma mpaka ikae, tikisa kichwa bila kufunga mkanda. Isiyotikisika ndiyo yako. Ukiona hakuna ya kukodi inayokukaa, nunua. Yuro 50 hadi 80 zinatosha.

Miwani ya theluji hupangwa kwa namba: S1 kwa siku ya mawingu, S3 kwa jua kali. Ukinunua moja, chukua S2. Anayevaa miwani ya macho aulize ile yenye nafasi ya kuvaliwa juu yake. Ijaribu pamoja na helmeti, pasibaki mwanya kwenye paji.

Na ile kauli ya kwamba ngozi yetu haiungui tuiache nyumbani. Miale ya jua inayounguza huongezeka kwa takriban asilimia 10 kila ukipanda mita 1,000, na theluji mpya inaweza kurudisha hadi asilimia 80 ya miale hiyo usoni, ikitokea chini. Melanini, ile rangi ya asili ya ngozi yetu, hailindi macho. Losheni ya jua ya SPF 50 na mafuta ya midomo yenye kinga hiyohiyo ni vitu vya kununua.

4. Nguo za ndani na soksi: nunua

Adui ni pamba. Fulana yako ya pamba hunywa jasho na kulishikilia, kisha unakaa kwenye lifti upepo ukupige. Dakika kumi unatetemeka kama mgonjwa wa malaria. Hata leso ya mama uliyoifunga shingoni kwa ajili ya baraka, pumzi huilowesha ikageuka barafu. Iweke mfukoni. Shingoni vaa skafu ya mviringo, maana ndefu inayopepea inaweza kunaswa kwenye lifti.

Chukua seti moja ya juu na chini, ya polista ya michezo au sufu ya merino. Merino ina bei lakini hainuki haraka, na kama mnalala siku tatu kwenye chumba cha watu wanne utaelewa thamani yake. Maduka ya Aldi na Lidl ya Ujerumani huleta seti hizi kwa bei nafuu msimu ukikaribia, na huisha haraka. Juu yake sweta jepesi la flisi, ambalo pengine unalo tayari.

Soksi: moja, ndefu hadi chini ya goti, nyembamba. Unene ndani ya buti huzuia damu kupita, na mguu usiopitiwa na damu hupoa. Ile suruali ya ndani iishie juu ya buti. Mkunjo mmoja tu wa kitambaa ndani ya plastiki utaukumbuka wiki nzima.

5. Jaketi na suruali: azima, au mtumba

Nililoanza nalo mimi ndilo la tano. Kitambaa hupimwa kwa urefu wa safu ya maji kinachoweza kuhimili kabla ya kuvuja, kwa milimita. Kwa siku za kujifunza 10,000 inatosha. Ukiazima kimoja tu, azima suruali, kwa sababu utakaa kwenye theluji mara nyingi kuliko utakavyosimama.

Wazungu wana jaketi tatu kabatini na hufurahi ukiwaomba moja. Hamna wa kumwomba? Tafuta mtandaoni zilizotumika. Na kama bado uko Nairobi unajiandaa kusafiri, pita kwanza soko la mitumba la Gikomba. Jaketi wanazojikinga nazo bodaboda wa Limuru alfajiri ni hizihizi, zimesafiri kutoka huku. Geuza ndani nje: ukiona utepe wa kwenye mishono unabanduka au rangi ya ndani inadondoka kama magamba, kinga ya maji imekwisha. Angalia zipu, na ule mkanda wa ndani kiunoni unaozuia theluji kuingia.

Kwa walioko Ghuba mambo ni mepesi zaidi. Pale Ski Dubai, ambako ndani ni karibu nyuzi 2 chini ya sifuri, jaketi, suruali, buti na skii huja na tiketi. Beba glavu na soksi zako, basi.

6. Skii na fimbo: kodi

Sina mengi. Skii za anayeanza zifike kati ya kidevu na pua, zikiwa fupi zinageuka kirahisi. Skii na buti pamoja kwenye milima ya Alps hukodishwa kwa takriban yuro 25 hadi 45 kwa siku, na mara nyingi ukiagiza mtandaoni mapema unapunguziwa. Fimbo siku ya kwanza walimu wengi hata hawataki uzishike.

Dukani utaulizwa uzito, urefu, umri na uzoefu wako. Hapo usione haya wala usijikweze. Kwa majibu hayo, pamoja na urefu wa soli ya buti, fundi hukaza vishikio vinavyotakiwa kuachia mguu ukianguka. Ukipunguza kilo kumi kwa aibu, skii itakuponyoka katikati ya kona. Ukijiita mzoefu, haitaachia na goti ndilo litakalolipa. Pima uzito nyumbani, sema namba ilivyo.

Piga picha namba iliyo kwenye skii zako. Ukienda kula, usiziache pamoja. Moja iegemeze huku, nyingine kule mwisho wa uzio, maana za kukodi zote zinafanana na mwenye haraka hubeba jozi iliyo karibu.