Programu ya maneno pacha ya Kiingereza: nyota tatu, na benki iliyoibwa

Kilichonifanya niilipie ni baiskeli. Kazi yangu ni kutafsiri, Kiswahili kwenda Kiingereza, na zaidi ni nyaraka za watu wa kawaida: barua, maelezo, mikataba midogo midogo. Katika maelezo fulani mteja aliandika, "Tuliazimana baiskeli wiki mbili kabla ya ajali." Nikaweka "He lent me the bicycle" na kusonga mbele. Kumbe baiskeli ilikuwa ya mteja, na mwenzake ndiye aliyeichukua! Kwetu kuazima ni kutoa na ni kuchukua, na anayeujua mkasa haulizi. Kiingereza kinakulazimisha useme kitu kimeelekea wapi, nami nikasema kinyume. Mteja aliliona mapema, lakini usiku ule nililala kwa mang'amung'amu.

Jina la programu naliweka kando, maana hizi za simuni ni nyingi na zinafanana. Hii inakuwekea maneno mawili ubavu kwa ubavu, inakupa sentensi yenye pengo, unachagua, unapata alama ya vema ya kijani au mkasi mwekundu. Nimeitumia miezi mitatu, karibu kila siku.

Nilianza na borrow na lend, bila shaka. Hapo wamefanya kazi safi. Kuna mchoro wa mkono na mshale: mshale ukiingia mkononi ni borrow, ukitoka ni lend. Halafu wanakutega. Sentensi ya kwanza: "Can I ... your pen?" Ya pili: "Can you ... me your pen?" Kalamu ni ile ile, inatoka kwako inakuja kwangu mara zote mbili. Kilichobadilika ni mwenye sentensi tu: nikiwa mimi, ni borrow, ukiwa wewe, ni lend. Nilikaa na mchoro ule kama dakika kumi, nikiiwaza baiskeli.

Lie na lay nazo wamezipa jedwali zuri. Lie, lay, lain. Lay, laid, laid. Yaani wakati uliopita wa neno la kwanza ni lile neno la pili lenyewe, na ndiyo maana hata wazawa wa lugha hiyo huboronga. Lakini kilichonifungua macho sikukipata kwenye jedwali. Ni lala na laza. "She lay on the bed", amelala. "She laid the child on the bed", amemlaza mtoto. Rise na raise ni inuka na inua, basi. Tangu nilipoliona hilo sijakosea tena, na programu haijui kwa nini.

Na hapo ndipo manung'uniko yangu yanapoanzia. Imetungwa kwa ajili ya mtu yeyote duniani, Kiingereza kikieleza Kiingereza, kwa hiyo haijui sisi tunajikwaa wapi. Nilipitishwa kwenye mazoezi chungu nzima ya hear na listen. Ya nini? Anayejua kusikia na kusikiliza kashamaliza. Kisha nikafika kwenye shade na shadow, ambako sisi tuna neno moja tu, kivuli, nikakuta mistari miwili na picha ya mti. Ningependa wangesema wazi kwamba shade ni mahali, pale jua lisipofika, huwa hapana umbo, unakwenda kupumzika. Shadow ni umbo lako lililolala chini na kukufuata. Mtu anaketi kwenye shade ya mti. Akisema ameketi kwenye shadow yake msikilizaji ataelewa, ila picha inayomjia si ya mapumziko.

Kukataa ndiko kulikohitaji ukurasa mzima. Katika kazi za wenzangu ninazozihariri, sijui nimefuta "he denied to pay" mara ngapi. Kukataa kulipa ni refuse. Kukataa kwamba uliiba, yaani kukana, ni deny. Programu haiyaweki pamoja kabisa, kwa sababu kwa aliyeitunga hayo si maneno yanayofanana. Kwetu yanafanana.

Kuna mahali wanakosea moja kwa moja. Wanadai affect ni kitenzi na effect ni nomino, daima. Hilo "daima" si kweli: "to effect a change" ni Kiingereza safi, maana yake kuyaleta mabadiliko yenyewe, wakati "to affect a change" ni kuyagusa mabadiliko ambayo tayari yapo. Kwenye mkataba, tofauti hiyo si mchezo.

Kibaya zaidi ni rob na steal. Wanaeleza kwamba rob ni wizi wa nguvu, steal ni wa kimyakimya. Kuna ukweli ndani yake, ila unalikwepa jambo lenyewe. Steal hufuatwa na kitu kilichochukuliwa, rob hufuatwa na mtu au mahali palipoibiwa. Sisi tunalimaliza kwa silabi moja: kuiba pesa, kuibia benki. Nikajaribu makusudi, kwenye pengo la "They ... the bank" nikachagua stole. Alama ya vema, kijani. Kwa hiyo jamaa wameing'oa benki na kuondoka nayo, kuta, madawati, walinzi na yote.

Kipengele cha visawe hakina maana sana. Ni orodha tu, mathimu ya wembamba: thin, slim, skinny, slender, kana kwamba ukichota lolote ni sawa. Daktari Peter Mark Roget alipotoa kamusi yake ya visawe mwaka 1852 naye aliyapanga maneno kwa makundi bila kueleza kila moja, lakini aliwategemea wasomaji wanaoyajua tayari. Mwanafunzi akimwambia mtu skinny akidhani anamsifu, atakuwa amemwita kimbaumbau.

Walichonifurahisha nacho bila kutarajia ni maelezo mafupi kuhusu begin na commence. Begin ni la kale la Kiingereza chenyewe. Commence lilitoka Kifaransa, lugha ya watawala baada ya Wanormani, watu wa kaskazini mwa Ufaransa, kuiteka Uingereza mwaka 1066. Ndiyo sababu hadi leo commence linanuka ofisi. Ask nalo ni la kale, interrogate asili yake ni Kilatini: rafiki anakuuliza, polisi anakuhoji.

Nyota tatu kati ya tano. Nimewaandikia kuhusu ile benki, wakajibu upesi na kwa adabu kwamba watalishughulikia. Jana nimeingia tena kujaribu. Benki bado inaibwa nzima nzima, na bado ninapewa kijani.