Kutoka Kenya nzima hadi Ngome ya Yesu kwa sekunde 10: tathmini ya studio moja ya Mombasa

Mwezi uliopita niliagiza video ya sekunde 10 kutoka studio ndogo ya michoro ya kompyuta hapa Mombasa, kwa ajili ya skrini ya ofisi yetu ya kutembeza wageni Mji wa Kale. Picha ilitakiwa ianzie juu ya Nairobi, ikionyesha kilomita 1,024 kutoka juu hadi chini, yaani karibu Kenya nzima, na iishie juu ya Ngome ya Yesu ikionyesha kilomita moja tu. Kazi hiyo nililetewa mara tatu, na ni ya tatu pekee niliyoilipia kwa moyo mkunjufu.

Toleo la kwanza lilitia kizunguzungu. Kwa sekunde tisa ramani ilijikokota kama feri ya Likoni wakati wa msongamano, kisha ikaporomoka ghafla mpaka juu ya paa za ngome. Programu ilikuwa ikipunguza kiasi kilekile cha kilomita, 102 na ushei, kila sekunde. Ukitoa 102 kwenye 1,024, mtazamaji haoni tofauti kubwa. Ukitoa hizo hizo kwenye 103 zilizosalia, umemeza kila kitu. Kisiwa kizima cha Mombasa pamoja na Likoni, Changamwe na Nyali vilipita ndani ya theluthi moja ya sekunde, sawa na picha nane hivi katika video ya picha 25 kwa sekunde.

Jicho hupima ukaribu kwa uwiano: kushuka kutoka kilomita 1,000 hadi 500 huonekana sawasawa na kushuka kutoka mbili hadi moja. Kwa hiyo thamani za katikati hazipatikani kwa kutoa bali kwa kuzidisha. Huchukuliwa kimo cha mwanzo (yaani kilomita zinazoonekana kutoka juu hadi chini ya picha), kikazidishwa kwa uwiano wa kimo cha mwisho na cha mwanzo, uwiano wenyewe ukiwa umepewa kipeo (ile namba ndogo ya juu, kama 2 katika 5²) ambacho ni sehemu ya muda wote iliyokwisha kupita. Kwa kuwa 1,024 ni mbili kumi zilizozidishwa zenyewe kwa zenyewe, kwetu sisi picha hupungua nusu kila sekunde: katika sekunde ya tano zimebaki kilomita 32, katika ya saba zimebaki nane na kisiwa kimeijaza skrini. “Ami, huo ni mstari mmoja tu wa programu,” fundi aliniambia kwenye simu, na kweli marekebisho hayakumchukua hata saa moja.

Hata hivyo, toleo la pili lilikuja na kituko chake. Kimo kilipungua vizuri, lakini kitovu cha picha kiliendelea kusafiri kwa mwendo usiobadilika kutoka Nairobi, hivyo katika sekunde ya tano, picha ikiwa imekwisha kubana, tulikuwa tukitazama vichaka vya Tsavo, na mji wenyewe ukachomoza pembeni mwishoni kabisa. (Mgeni mmoja aliniuliza kama tunauza safari za kutazama ndovu.) Dawa yake ni kufunga mwendo wa kitovu kwenye kimo: umbali uliobaki hadi ngome upungue kwa kadiri ileile kimo kinavyokaribia kilomita moja. Toleo la tatu lilifuata kanuni hiyo, na ngome haitoki kwenye fremu hata mara moja.

Kwa upande wa adabu na uvumilivu studio hii sina la kuilaumu, ila ningependa wazitazame kazi zao wenyewe kabla ya kuzituma. Sekunde ya mwisho ndiyo iliyonifurahisha zaidi, pale kuta zilizoanza kujengwa mwaka 1593 zinapojitokeza taratibu kwa umbo lake linalofanana na mtu aliyelala. Kasoro iliyosalia ni kwamba picha husimama ghafla kama gari lililokanyagiwa breki. Nimewaomba wapunguze kasi ya muda unaoingizwa kwenye kipeo katika sekunde ile ya mwisho, bila kuigusa fomula yenyewe, na wameahidi kuniletea Jumatatu.