Akata Witch: siku Sunny alipopata nguvu ya kulipiza

Nimemaliza kusoma Akata Witch ya Nnedi Okorafor kwa mara ya pili, safari hii nikiwa na binti wa dada yangu mwenye miaka 13, sura moja kila usiku. Ni riwaya ya vijana iliyotoka mwaka 2011.

Sunny ana miaka 12. Amezaliwa New York kwa wazazi Waigbo, wakarudi naye Nigeria akiwa na miaka 9, na ana ualbino. Shuleni kwao Aba wanamwona mgeni. Hiyo "akata" ni tusi wanalotupiwa Wamarekani weusi. Mpira anaupenda mno, ila huucheza usiku tu na kaka zake, maana jua linamuunguza.

Mapema kabisa mwalimu anamkabidhi fimbo awachape wenzake waliovurunda insha. Anakataa. Baada ya masomo wenzake hao hao, Jibaku akiwa mbele, wanamvamia. Kwa hiyo anapogundua kuwa yumo miongoni mwa Leopard, watu wenye juju, yaani nguvu za uchawi, msomaji unaanza kumtakia kisasi. Nami nilikitaka. Siku aliyomfunulia Jibaku uso wake wa roho, ile sura ya pili iliyofichika ya kila Leopard, ili amtie hofu, nilishangilia. Kisha anaitwa na wakubwa wa Leopard ajibu kosa lake, nami nikabaki na kile kishangilio changu mdomoni. Katili wa kitabu, Black Hat Otokoto anayeteka watoto, anatumia juju hiyo hiyo. Hata rafiki yake Sunny, Sasha, ameletwa kutoka Chicago kwa sababu wazazi wake walichoka na visasi vyake vya juju.

Kilichonivutia zaidi ni kwamba hata hao Leopard wanadharau wengine. Wao huwaita watu wa kawaida Kondoo. Sunny, ambaye wazazi wake si Leopard, anapewa kitabu cha mwongozo kwa watu wa aina yake, na mwandishi wake anawabeza karibu kila ukurasa. Binti akaniuliza, "Mama mdogo, si wanafanya yale yale ya Jibaku?" Ndiyo, mwanangu.

Kasoro zipo. Pambano na Otokoto linaisha haraka mno baada ya kutungojesha kitabu kizima, na viboko vinachukuliwa kama jambo la kawaida, kitu ambacho binti hakukipenda hata kidogo. Lakini chittim, vile vyuma vinavyodondoka kutoka angani kila mtu anapojifunza kitu, ni ubunifu wa pekee: vya shaba ndivyo vyenye thamani kubwa, vya dhahabu ndivyo vya chini.

Kwa mtoto wa miaka 12 kuendelea ningempa bila kusita. Kwetu Kanda ya Ziwa, ambako watu wenye ualbino wameuawa na kukatwa viungo kwa ajili ya uganga, mambo ya Otokoto hayasomeki kama hadithi tu. Ilibidi tufunge kitabu tuzungumze.

Ndipo nikamweleza habari za darasa la nne. Tulikuwa na mwenzetu mwenye ualbino. Hakuna aliyempiga, ila hatukukaa naye dawati moja, na kikombe chake cha uji hakuna aliyekigusa, mimi nikiwemo. Binti alinyamaza kwa muda, kisha akaniuliza aliitwa nani. Nilimtajia jina lake.