Chanjo ya homa ya ini B Makorora: nimemaliza dozi zote tatu

Mimi ni kinyozi, kibanda changu kiko Ngamiani. Wembe haukosi kunichana, na damu ya wateja naigusa karibu kila siku, kwa hiyo chanjo hii niliitaka muda mrefu. Mara ya kwanza niliishia kukasirika. Duka moja la dawa hapa Tanga walinitolea kichupa kwenye friji ya soda, kimeshika barafu ubavuni. Nikaondoka. Chanjo hii ikishaganda imeharibika, hata uiyeyushe. Inataka nyuzi 2 hadi 8.

Makorora, kwenye zahanati ndogo ya mtu binafsi, nilimkuta nesi mtu mzima. Shikamoo, marahaba, kisha akanipima kwanza: tone la damu ya kidole, nikasubiri, sina maambukizi. Ndipo akafungua jokofu, akanionyesha kipimajoto: 4. Kichupa kilikuwa na mashapo meupe chini. Akakitikisa, kikawa cheupe sawasawa kama maji ya mchele. "Ingekuwa imeganda, ungeona vipande vinashuka upesi," akasema.

Nikamuuliza lililokuwa likinitisha: si mnanitia ugonjwa wenyewe?

"Mwanangu, kifuu unakijua? Kwa nje nazi, ndani hamna nyama wala maji. Ndicho ninachokuchoma."

Akanieleza vizuri mno. Chanjo ya kwanza iliyoidhinishwa Marekani mwaka 1981 ilichujwa kwenye damu ya watu wenye maambukizi. Mwaka 1986 ikaja ya hamira: inapandikizwa jeni moja tu la kirusi, lile la gamba la nje, inakuzwa kwenye matangi, na protini inayopatikana hujikusanya kuwa viduara vya nanomita 22 hivi. Mwili unaviona kama kirusi na kujiwekea kinga, lakini ndani hamna cha kuzaliana. Hamira, jamaa ya ile inayoumua boflo tunalonywea chai! Nilitoa mkono bila wasiwasi.

Bei haikubadilika mpaka dozi ya mwisho. Bega liliuma siku moja, basi.

Kasoro ninayo moja, na naomba wairekebishe: dozi ya pili ni baada ya mwezi, ya tatu mwezi wa sita, na hakuna anayekukumbusha. Ujumbe mmoja wa simu ungetosha. Mimi niliandika tarehe kwa chaki juu ya kioo cha kibandani.

Vijana wangu wawili wa kazi nimeshawapeleka. Mmoja amebakiza sindano ya Novemba, na tarehe yake iko pale pale kwenye kioo.