TAHADHARI: Kuna mzee anauza "Jungle Carbine ya KAR" huku Texas, ni feki, mimi nishaliwa

Jamani wale mko huku Marekani na mnapenda bunduki za zamani za vita, someni hii kabla hamjatoa pesa. Kuna muuzaji anazunguka kwenye maonyesho ya silaha hapa Texas, jina sitaji, lakini mkisikia maneno yake mtamjua tu.

Marehemu babu yangu alikuwa keya, yaani askari wa KAR (King's African Rifles, jeshi la Waingereza la Afrika Mashariki), alipelekwa Burma 1944 na ile Divisheni ya 11 ya Afrika Mashariki, sasa huyu mzee aliposikia natoka Kenya na nikajiropokea hiyo story ya babu akajua samaki ashaingia. Akainama chini ya meza akatoa bunduki fupi, ina ile koni ya kuficha moto mdomoni na raba kwa kitako, akasema hii ni Lee-Enfield No. 5, ndio hiyo bunduki ya Waingereza wanayoiita Jungle Carbine, imetengenezwa 1943, imebebwa na KAR Burma, na namba ya bolti inalingana na ya bodi. Dola 1,150. Nikamuuliza mbona siriali namba ina herufi C katikati, akanijibu bila hata kupepesa macho, "C ni ya Carbine." Na mimi na akili zangu timamu nikakubali, nikalipa keshi.

Sasa ukweli. C kwenye hizo namba ni ya Chicopee Falls, Massachusetts, kwa kiwanda cha Savage, ambacho kilitengeneza No. 4, zile ndefu, kwa ajili ya Waingereza wakati wa vita. Ukiona L katikati hiyo ni Long Branch ya Kanada, nayo pia ni No. 4. No. 5 haikutengenezwa Marekani wala Kanada hata siku moja, ni viwanda vya Fazakerley na BSA Shirley peke yao, vyote Uingereza, na zilianza 1944 zikaisha 1947. Kwa hivyo mtu akikwambia 1943 hapo hapo geuka uende ukanunue soda.

Nilifika nyumbani nikawasha tochi ya simu upande wa kushoto pale mtutu unapoingia kwa bodi, nikaona chuma kimepigwa msasa, na chini yake kwa mbali unasoma US PROPERTY. Yaani hakumaliza hata kufuta! Juu yake ndio ameandika "No5 MkI" kwa kalamu ya umeme, mwandiko kama wa mtoto wa nasari. Namba ya nyuma ya mkono wa bolti nayo imegongwa juzi, tarakimu zimepinda na ndani ya michoro chuma bado kinang'aa cheupe wakati kila kitu kingine kimezeeka.

Kuna vitu viwili hawezi kudanganya kirahisi, na ningeviangalia pale pale mezani nisingeliwa. Cha kwanza kibati cha kulengea cha nyuma, cha No. 5 kinaishia yadi 800, changu kinaenda mpaka 1300, hiyo ni ya No. 4. Cha pili omba akutolee ile mbao ya juu ya mtutu, No. 5 ya ukweli mtutu wake pale nyuma penye unene umechongwa mifereji ya kupunguza uzito, changu ni mviringo tu, nene, haijaguswa. Akikataa kuitoa ushapata jibu.

Na sio kwamba kila No. 4 iliyokatwa ni wizi. Miaka ya 50 na 60 kuna makampuni huku yalizikata nyingi wakauzia wawindaji, ni bunduki halali kabisa na kulungu haulizi siriali namba. Shida ni kuichukua hiyo, kufuta mihuri, kugonga namba mpya halafu kumuuzia mtu kumbukumbu ya babu yake.

Nilimpigia anirudishie akasema mauzo ni ya mwisho, saa hii hashiki simu kabisa. Jumamosi iliyopita rafiki yangu amemkuta kwenye maonyesho mengine akanitumia picha, ana nyingine tena mezani, "KAR" hivyo hivyo, na kwenye picha ameweka kidole gumba juu ya namba.