Nta ya Micheweni kwenye risasi za baruti nyeusi: uzoefu wangu

Mimi ni mtu wa Wete, Pemba. Kazi imeniweka Ohio, Marekani, miaka kumi na moja sasa, na kila nikija likizo narudi na nta ya nyuki kutoka Micheweni. Nimeshanunua mara tatu, kilo nne kwa jumla, na yote imekwenda kwenye mafuta ya kupaka risasi za bunduki yangu ya shabaha.

Bunduki yenyewe ni nakala ya Sharps ya 1874, bunduki ya zamani ya Kimarekani, ya risasi moja moja: unafungua, unatia, unafunga, unapiga. Inatumia .45-70, risasi iliyoingia jeshini Marekani mwaka 1873, na jina lake ni vipimo vyake: 45 ni upana, yaani sehemu 45 katika 100 za inchi, na 70 ni greni za baruti nyeusi, ile ya kizamani yenye moshi mwingi, kiasi cha gramu 4.5.

Mwaka mzima wa kwanza nilihangaika na mizani ya baruti. Nikizidisha nusu greni, nikipunguza nusu greni. Nikanunua mrija mrefu wa shaba wa kumiminia baruti, ishuke taratibu na ijipange vizuri ndani ya ganda la risasi. Nikajifunza kuikandamiza sawasawa, kwa sababu baruti nyeusi haitakiwi kuachiwa nafasi ya hewa chini ya risasi. Ni hatari kwa bunduki na kwa mwenye bunduki. Yote hayo yalisaidia, lakini tatizo lilibaki pale pale. Kwa yadi 100, risasi nne za mwanzo zingefunikwa na kikombe cha kahawa, hivi vyetu vidogo visivyo na mkono. Ya tano inapanda juu, ya saba inakwenda kushoto, ya kumi sijui imepita wapi.

Mzee mmoja pale uwanja wa shabaha hakuuliza baruti kiasi gani. Aliinama akatazama mdomo wa mtutu, akapitisha kidole, kikatoka na vumbi la kijivu, kavu. Akaniambia mafuta ya risasi yangu yanaisha kabla risasi haijatoka. Mdomo wa mtutu, akasema, unatakiwa ubaki na alama ya unyevunyevu, kama nyota.

Hapo ndipo nilipoelewa kazi ya mafuta haya. Baruti nyeusi ikiungua, zaidi ya nusu ya uzito wake haigeuki hewa. Inabaki yabisi: nyingine inatoka na ule moshi mweupe, nyingine inaganda ndani ya mtutu. Ikikauka inakuwa ngumu kama ukoko wa wali chunguni, na kila risasi inayofuata inapita kwenye njia tofauti na iliyotangulia. Mafuta yanayojazwa kwenye mifuo ya risasi, yaani vijia vinavyoizunguka, ndiyo yanayolainisha ukoko huo. Yale ya dukani niliyokuwa natumia hayakuweza kazi hiyo, angalau si kwenye mtutu mrefu kama wangu.

Nikaamua kuchanganya yangu mwenyewe kwa nta ya nyuki. Likizo iliyofuata nikapanda gari hadi Micheweni, kwa mzee anayefuga nyuki karibu na mikoko. "Waitakia mishumaa?" akaniuliza. Nikamwambia, "La, babu, ya kupaka risasi za shabaha." Akanitazama kidogo, kisha akaenda ndani akaleta donge jengine, la manjano iliyokolea, akasema hili ndilo safi. Alisema kweli. Lile la kwanza, nililonunua kwa mtu mwengine njiani, lilikuwa na mchanga na asali ndani. Mchanga kwenye mtutu sitaki hata kuufikiria.

Hata hiyo safi naichuja mwenyewe. Sufuria ndogo ndani ya sufuria kubwa yenye maji, jiko la mkaa, moto mdogo. Nta haiwekwi juu ya moto moja kwa moja, inashika moto. Ikishayeyuka naimimina juu ya kipande cha leso kuukuu, na uchafu wote unabaki kwenye kitambaa. Ikiganda, naipitisha ukucha: inachubuka bila kumeguka, na chumba kizima kinanukia asali. Nikifika Marekani naitangaza forodhani, na mpaka sasa sijapata taabu.

Kuchanganya ndiko kulikonifundisha zaidi. Nilianza na nusu nta, nusu mafuta ya nazi. Msimu wa baridi ulikwenda vizuri sana. Alama ya nyota ilionekana tangu siku ya kwanza. Ilipofika Julai, joto likazidi, mafuta ya nazi yakalegea (yanayeyuka kwenye nyuzi 24 tu) na risasi zikawa zinatoka jasho ndani ya sanduku. Mafuta yakipenya kwenye baruti, kazi yote imeharibika. Sasa wakati wa joto natia nta sehemu mbili kwa moja ya mafuta ya kondoo yasiyo na chumvi, maana chumvi inaleta kutu, na naweka kipande cha kadibodi kati ya baruti na risasi. Pia napuliza pumzi ndani ya mtutu kwa mrija kila baada ya kupiga, bunduki ikiwa wazi na tupu. Unyevu wa pumzi unasaidia sana siku kavu.

Matokeo: risasi kumi mfululizo bila kusafisha, yadi 100, zote zinafunikwa na kisosi cha chai. Baruti sikuongeza hata greni moja.

Kasoro ipo. Nta haifanani kila mwaka. Ya mwaka jana ilikuwa ngumu zaidi, ikabidi nipime upya. Na bei imepanda. Bado namwamini yule mzee wa Micheweni kuliko kopo lolote la dukani. Jumamosi nakwenda kwake tena, ameniwekea kilo moja na nusu.